Usiku wa Kufungua Daftari

Siku niliyofika Mandvi, pwani ya Gujarat huko India, niliambiwa nikamsalimie Dada. Nikaangaza huku na huku kumtafuta huyo dada, nikamwona mzee wa miaka 80 na ushee ameketi kwenye bembea ya mbao katikati ya sebule, miguu haigusi chini, ananitazama kwa hamu. Huyo ndiye Dada. Kwa Kigujarati dada ni babu mzaa baba. Mwanawe, kichwa chote mvi, ndiye Kaka, kwa kuwa kaka kwao ni baba mdogo. Basi kwa siku nane nilizokaa katika nyumba ile nilikuwa na dada mwenye masharubu na kaka mwenye wajukuu, na kila nilipompigia mama simu Tanga kumsimulia nani kasema nini, tulipotezana njiani.

Nilikwenda kuitazama Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Wanaokwenda India kwa ajili hiyo huelekea Varanasi, au Ayodhya, ambako mwaka huohuo wa 2023 waliwasha taa zaidi ya laki 22 kando ya mto Sarayu na kuvunja rekodi ya dunia. Sina ugomvi na rekodi. Ila mimi Diwali yangu ilianzia Tanga, mtaa wa maduka karibu na bandari, nikiwa mtoto wa kutumwa sukari robo. Usiku mmoja kila mwaka nondo za madirisha ya Wahindi zilijaa taa, fataki zikalia uani, nasi tukasimama ng'ambo ya barabara tukihesabu milipuko. Kesho yake mwenye duka alitugawia chevda na ladu kwenye kipande cha gazeti. Hakutukaribisha ndani, na sisi haikutupitia akilini kwamba mtu anaweza kukaribishwa. Diwali tuliijua kama unavyoijua harusi ya jirani msiyesemeshana, kwa kelele zake na kwa harufu ya samli.

Mwenye duka yule alikuwa Mkutchi, mtu wa Kutch, eneo ulipo mji wa Mandvi. Alikuwa akisema "kwetu Mandvi" kama bibi alivyosema "kwetu Pangani", kwa sauti ya mtu anayezungumzia mahali pa kufika jioni. Ndiyo maana nikapanda treni Mumbai, nikalala njiani, nikaamkia Bhuj, kisha basi la kilomita 60 hivi hadi baharini.

Mandvi ni mji wa bandari ulioanzishwa karne ya 16 chini ya mtawala wa Kutch, Rao Khengarji wa Kwanza, na bado wanaunda majahazi ya mbao. Si ya maonyesho. Ukisimama kwenye daraja la mto Rukmavati utayaona yamepangana kwenye matope, mengine ni mbavu tupu kama nyangumi aliyeliwa, mengine yameshapakwa rangi na yanangoja injini yaende Dubai au Somalia. Nilikaa hapo jioni yangu ya kwanza nikiwasikiliza mafundi wakitia kalafati, tk-tk-tk, wanashindilia pamba katikati ya mbao kwa patasi butu, nikafumba macho nikawa Pangani. Hata jina la chombo tulilipokea kutoka kwao, maana kotia tunayoisema sisi ndiyo kotia yao.

Watu wa Mandvi hushikilia kwamba nahodha aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut mwaka 1498 alikuwa mtoto wa kwao, Kanji Malam. Wengine wanamtaja Ahmad ibn Majid, Mwarabu wa Oman, na wanahistoria wanabishana hadi leo. Kilichonifurahisha ni lile neno malam. Ni mualimu yuleyule, maalim wa chombo, anayesoma nyota.

Sasa, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria nikiwa ng'ambo ya barabara kule Tanga ni kwamba Diwali huangukia usiku wa giza, mwezi mwandamo haujaonekana. Nilidhani taa ni za urembo. Lakini mtu wa pwani akiambiwa mwezi umekufa, kinachomjia kwanza ni bamvua. Siku hizo maji ya Rukmavati yalikuwa yanapanda hadi kugusa magogo ya waunda vyombo, kisha yanakimbia na kuuacha mto mtupu, kinyesi cha ng'ombe na viatu vya plastiki vikibaki kwenye tope. Na msimu nao ni huohuo. Kuanzia Novemba upepo hugeuka, kusi imekwisha, kaskazi inaanza kujipanga, na hapo zamani vyombo vya Kutch vilikuwa vinajiandaa kuelekea kwetu. Mwaka wa biashara wa Wagujarati kwa kawaida huanza kesho ya Diwali. Nilipokuwa nikitazama maji yanavyorudi nyuma nikaona wazi kwa nini mfanyabiashara wa bandari hii angependa kufunga hesabu zake wiki hiyo na si nyingine.

Ijumaa ya tarehe 10 ilikuwa Dhanteras, siku ya kununua vitu vya madini. Soko lilikuwa halipitiki. Wenye nacho walikuwa kwa sonara, wengine wakigombea sufuria na vijiko, na Kaka akanunua kijiko kimoja cha chuma akakipeleka nyumbani kwa heshima zote. Kihindi changu ni cha sinema, kinajua kutangaza mapenzi na kutishia kulipa kisasi, lakini hakijui kununua vitunguu. Sikuhitaji sana. Pesa, laki, bima, hundi, chapa, duka, gari: nilikuwa natembea sokoni nikiokota maneno yangu mwenyewe chini. Muuza fataki alikuwa anaita phataka, phataka, na mimi nimetumia neno hilo miaka yote bila kujiuliza nani alilishusha bandarini.

Jumamosi ndiyo iliyonishika shingo. Inaitwa Kali Chaudas, siku ya kumi na nne ya giza, na ni siku ya kuondoa nuksi na magomvi nyumbani. Kaki, mke wa Kaka, alikaanga vada za dengu tangu alasiri. Jioni akachukua chache na chombo cha maji, akaniambia twende. Tukatembea hadi njia panda. Akaweka vada chini, akazizungushia maji duara moja, akageuka kurudi. "Usitazame nyuma," akaniambia.

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa Tanga. Nimelelewa nikiambiwa ukikuta chakula njia panda ruka, usikanyage, usiulize cha nani. Bibi alikuwa akinifumba macho kwa kiganja tukipita penye chungu kilichovunjwa na nazi. Na hapa mwanamke aliyevaa sari ya kijani na miwani ya kusomea anaweka kafara lake njia panda hadharani, majirani zake wanaweka la kwao pembeni, wanaulizana hali, pikipiki zinapita. Shingo yangu iliwasha kwa kutaka kugeuka. Sikugeuka. Nikamuuliza Kaki vada zile zinaliwa na nani, akanijibu kwa Kiingereza chake cha mkato: mbwa. Magomvi yanakwenda na mbwa. Nikamuuliza kama kweli yanakwenda. Akacheka, akasema mwaka jana aligombana na Kaka siku iliyofuata.

Jumapili tarehe 12 ndiyo Diwali yenyewe. Asubuhi binti wa nyumba alichora rangoli mlangoni, unga wa rangi uliomiminwa kwa vidole viwili, na nyayo ndogo zinazoingia ndani, ni za Lakshmi, mungu wao wa neema, ili asipotee njia. Kuhusu asili ya sikukuu utasikia mengi. Kaskazini watakwambia mwanamfalme Rama amerudi Ayodhya baada ya miaka 14 uhamishoni na watu wakamwashia taa. Majaini, wafuasi wa dini nyingine ya India ambao Gujarat wapo wengi, wanaadhimisha kufariki na kukombolewa kwa Mahavira, mwalimu wao mkuu. Kwa wafanyabiashara wa Mandvi mgeni rasmi ni Lakshmi, na anapokelewa dukani.

Kaka ana duka la vifaa vya vyombo: kamba, misumari, rangi, minyororo. Machweo yalipoingia tulikwenda wote. Shughuli yenyewe huitwa chopda pujan. Chopda ni daftari la hesabu, kitabu kirefu chembamba chenye jalada la kitambaa chekundu. Madaftari mapya matatu yalikuwa yamepangwa juu ya kitambaa cheupe, na pembeni yake kompyuta ya mezani ikiwa imewashwa, maana mwaka wa kodi wa serikali ya India huanza Aprili na hesabu za kweli ziko humo. Tulimngoja padri wa Kihindu kwa muda mrefu. Alikuwa anapita duka kwa duka na usiku ule kila duka lilimtaka saa ileile, kwa hiyo alifika anahema, amevaa ndara, simu inaita mfukoni.

Kisha akatulia, na duka likatulia naye. Kaka alifungua ukurasa wa kwanza. Akachora swastika kwa unga mwekundu, alama ya baraka ambayo Wahindu walikuwa nayo kabla hajazaliwa yeyote aliyekuja kuichafua Ulaya. Akaandika Shubh upande mmoja, Labh upande wa pili, heri na faida. Chini yake akaandika neno Shri mara moja, mstari unaofuata mara mbili, kisha tatu, mpaka likawa piramidi. Juu ya ukurasa wakaweka sarafu, jani la tambuu na popoo. Popoo! Nilitabasamu nikiwa nyuma ya mapipa ya rangi. Kompyuta nayo ilipata alama yake nyekundu kwenye fremu, na mtoto mmoja akapewa kazi ya kuhakikisha haizimiki.

Mimi ni Muislamu, nilikaa pembeni. Nilikuwa nimemweleza Kaki tangu siku ya kwanza, kwa aibu kidogo, kwamba nitatazama na sitashiriki ibada, wala vyakula vilivyotolewa kwa miungu sitaweza kula. Hakuuliza swali. Jioni ile, kabla padri hajafika, alinipa sahani yangu ya ghughra, vile vitamu vyenye umbo la nusu mwezi, ndugu wa sambusa, akanionyesha kwa mkono kwamba hivi vimetengwa mapema. Nimeshakaa na watu wanaojisifia uvumilivu wa dini majukwaani, na sijawahi kuona mmoja aliyefikiria habari ya sahani.

Lakini wakati Kaka anaandika nilikuwa nawaza daftari jingine. Katika karne ya 19, Sultani Sayyid Said alikodisha ukusanyaji wa ushuru wa Zanzibar kwa kampuni ya Jairam Shivji, Mkutchi. Misafara iliyopanda bara hadi Tabora na Ujiji ilikwenda kwa mkopo: vitambaa, shanga, waya, vyote vimeandikwa kwenye madaftari kama haya, na wadaiwa walirudi na pembe za ndovu na watu. Ushuru ulilipwa kwa vyote viwili. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rigby, alipowabana Wahindi wa Unguja wawaachie watumwa waliokuwa nao, waliandikiwa uhuru maelfu. Kwa hiyo kila Diwali, miaka ile, mahali fulani kwenye pwani yetu, mtu alifungua ukurasa mpya, akachora alama nyekundu, akaandika heri na faida, na mistari iliyofuata ilikuwa na vichwa vya watu.

Sikulitoa hili vitabuni tu. Siku mbili kabla, mtoto mmoja sokoni alinitazama usoni akaniuliza, "Sidi?" Masidi ni Wagujarati wenye asili ya Afrika, wapo Gir, wapo Jamnagar, wapo Kutch hapohapo. Wanasema Kigujarati, wana ngoma zao, na baadhi ya wazee wao walivushwa bahari ileile kwa upepo wa kusi, baadhi mabaharia, baadhi askari, wengi watumwa. Mtoto hakuwa na ubaya. Aliona sura anayoijua akaiita jina analolijua.

Tulipofunga duka nilimwambia Kaka nilichokuwa nawaza. Nilikichagua Kiingereza changu kwa uangalifu. Alinyamaza, akahesabu funguo, akaniuliza kama nimeshiba. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, nikiulizwa ghafla habari ya Waswahili waliokuwa viongozi wa misafara hiyo, huwa natafuta funguo. Lakini usiku, Dada, ambaye nilidhani amelala kwenye bembea, aliniita. Akasema babu yake mdogo alikwenda Jangbar, ndivyo wanavyoiita Unguja, na kulikuwa na madaftari yake kwenye sanduku hadi tetemeko la mwaka 2001. Lile lililoangusha Bhuj na kuua maelfu Januari 26. Paa lilishuka juu ya sanduku. Nikamuuliza kama aliwahi kuyasoma. Akasema yalikuwa yameandikwa kwa hati ya wafanyabiashara ambayo yeye hakufundishwa. Kisha akaomba maji.

Kuhusu fataki sina mengi mazuri. Mahakama ya Juu ya India iliamua mwaka 2018 kwamba usiku wa Diwali zilipuliwe kwa muda wa saa mbili tu, kuanzia saa 2 hadi saa 4 za usiku, tena zile zenye moshi kidogo. Mtaa wetu haukupata taarifa hiyo. Hadi saa 7 usiku bado walikuwa wanapigana vita, ng'ombe wamejibana ukutani, mbwa waliokula magomvi ya Kali Chaudas wako chini ya magari, na moshi umejaa hadi taa za udongo juu ya ukuta, ambazo ndizo nilizosafiri kuziona, zikawa alama za manjano tu. Nilikohoa mpaka Kaki akaniletea maziwa ya manjano. Cheche moja iliniunguzia kanga. Ilikuwa imeandikwa Mgeni Njoo Mwenyeji Apone, na tundu likala neno la mwisho, kwa hiyo sasa ninayo kanga inayoita mgeni na mwenyeji bila kueleza kwa nini.

Jumatatu haikuwa sikukuu wala siku ya kazi. Kalenda yao ya mwezi wakati mwingine huacha siku tupu kati ya Diwali na mwaka mpya, na Kaka akaitumia kunipeleka Baladia, kijiji kimoja kusini mwa Bhuj. Ni katika vile vijiji vya Mapatel walioenda Afrika Mashariki kwa ujenzi na biashara, kisha wengine wakaenda London. Ukiingia unaona majumba ya ghorofa yenye nguzo na vigae, geti la chuma, na kufuli. Nyumba baada ya nyumba, kufuli. Taa za Diwali zilikuwa zimewashwa na walinzi.

Kwenye baraza moja alikuwepo mzee amevaa kofia ya sufu kwenye joto lile. Kaka alimwambia natoka wapi. Mzee akanyoosha mgongo.

"Wewe natoka Tanga? Mimi kaa Nairobi miaka 31! Nanyuki pia kaa. Habari ya shamba?"

Nikasema njema. Akamwita mkewe aje asikie. Yule mama akatoka na sinia la mogo wa kukaanga, mogo yaani muhogo, wenye pilipili na ndimu, akaniambia unaletwa kutoka mjini lakini si mtamu kama wa kule. Wakaanza kubishana kwa Kigujarati na katikati ya sentensi nilisikia sufuria, fagio, kisu, zikipita zimevaa sari. Mzee alitaka kujua kama bado watu wanasema "mambo". Nikamwambia wanasema. Akasema "poa," akalirudia peke yake mara mbili tatu akitazama barabara. Tulipoaga alinipa bahasha yenye rupia 101. Ile moja ya ziada, Kaka alinieleza garini, ni ili hesabu isifungwe, baina ya anayetoa na anayepokea pabaki na kitu kinachoendelea.

Mwaka mpya wa 2080 wa kalenda yao uliingia Jumanne alfajiri, Novemba 14, na ulinikuta kitandani. Yapata saa 10 usiku nilisikia sauti ya mtoto mtaani inaita, "Sabras! Sabras!" Nikatoka kwenye ngazi. Kaki alikuwa ameshashuka, ameoga, nywele mbichi, ameshika sarafu. Mvulana wa miaka kumi hivi alikuwa na gunia begani, anauza chumvi ya mawe. Ni desturi, kitu cha kwanza kununua mwaka mpya ni chumvi, na jina lake siku hiyo ni sabras, chenye ladha zote. Hii ni nchi ya chumvi, sehemu kubwa ya chumvi ya India hutoka Gujarat, inavunwa kwenye majangwa ya matope kwa mikono inayochubuka.

Nilisimama kwenye ngazi nikiwa sijui nicheke au nirudi ndani. Bibi yangu hakuwa akiomba sindano wala chumvi usiku, na jirani akija kuiomba giza likishaingia aliambiwa imekwisha hata kama chungu kimejaa. Kaki aliniona. Akafungua kiganja, akanigawia punje kubwa tano kwenye kipande cha gazeti, akakunja pembe nne vilevile kama alivyokuwa akikunja mwenye duka wa Tanga.

Kulipopambazuka mlango haukufungwa tena. Watu waliingia na kutoka, vijana wanagusa miguu ya wazee, watoto wanapewa noti mpya kama mkono wa Idi, na kila mmoja anasema "Saal Mubarak". Kiajemi na Kiarabu, kwenye sikukuu ya Wahindu, bandarini. Nami nikasema Saal Mubarak kwa matamshi yaliyonyooka kuliko ya wote, Dada akanipigia makofi akiwa kwenye bembea.

Nyumbani mama alifungua kile kigazeti akanitazama. "Umekwenda mpaka India kuniletea chumvi? Mashamba ya chumvi si nauli ya bodaboda tu hapo?" Nikamweleza habari ya sabras. Akauliza yule mtoto aliiuza saa ngapi. Nikamwambia saa kumi, bado giza. Akaikunja tena haraka, akaipandisha juu ya kabati, mbali na vyakula, hatukuizungumzia tena. Asubuhi nikamkuta jikoni anaisaga na ndimu kwa ajili ya changu, amesema bismillahi mbili badala ya moja.